Afya ya Askari wa Kituo cha Mbali: Kabla ya Safari, Kambini na Baada ya Kurejea

Somo hili limeandikwa kwa wahudumu wa afya wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, na pia kwa askari wenyewe na jamaa zao. Baada ya kulisoma, msomaji atarajiwe kuweza: kueleza kwa nini kituo cha mbali huathiri afya kwa namna ya pekee, kutaja hatua za kinga kabla ya safari na kambini, kutambua magonjwa yanayojitokeza baada ya askari kurejea nyumbani, na kumhoji askari aliyerejea bila kumdhalilisha wala kumpuuza.

Kisa cha kufundishia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo, lakini kila sehemu yake hutokea.

Koplo mwenye umri wa miaka 31, mwenyeji wa kijiji kimoja mkoani Njombe, alirejea nyumbani kwa likizo baada ya kutumikia ulinzi wa amani katika wilaya ya Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Siku ya 18 baada ya kufika, alipatwa na homa, baridi kali na maumivu ya kichwa. Alikwenda zahanati. Njombe ni nyanda za juu zenye baridi, na malaria huko ni adimu. Mhudumu alimwona kijana mwenye afya njema anayetetemeka asubuhi ya ukungu, akampa dawa ya kutuliza maumivu na antibayotiki, akamwambia apumzike. Hakumuuliza alikotoka. Naye mgonjwa hakusema.

Siku mbili baadaye alianza kuweweseka, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Mkewe na kaka yake walimfikisha hospitali ya wilaya usiku. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha vimelea. Ilikuwa malaria kali. Alitibiwa kwa sindano za atesunati, akapona. Alipohojiwa, alikiri kwamba aliacha kumeza vidonge vya kinga siku ileile aliyopanda ndege, kwa kuwa, alisema, alikuwa amekwishafika nyumbani.

Wiki sita baadaye alirudi kliniki kupimwa wingi wa damu. Alisema hajambo. Mkewe, aliyeketi kando yake, akasema: “Daktari, malaria imepona, lakini mume wangu halali. Kila usiku huamka mara tatu, mara nne, kukagua mlango.”

Tutarudi kwenye kauli hiyo ya mke. Kwa sasa tuzingatie kwamba swali moja tu, “Umetoka wapi?”, lingaliweza kumwepusha mgonjwa huyu na hatari ya kifo.

Kwa nini kituo cha mbali ni tofauti

Historia ya eneo letu inafundisha somo hili vizuri. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kampeni ya Afrika Mashariki iliua watu wengi zaidi kwa malaria, kuhara damu, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Walioumia zaidi walikuwa wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Anayekwenda sokoni leo anatembea juu ya kumbukumbu ya watu walioangamizwa na maradhi ambayo mengi yanazuilika.

Katika zama zetu, mfano ulio karibu ni ule wa mashariki mwa Congo. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliunda Brigedi ya Kujibu Mashambulizi ndani ya ujumbe wa MONUSCO, ikiwa na askari kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani iliyoko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Miezi minane baadaye, Agosti 2018, mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika eneo lilelile. Ulipomalizika Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470, na 2,287 kati yao walifariki dunia.

Askari wa kituo kama hicho hukabiliwa na mambo manne kwa wakati mmoja. Kwanza ni umbali kutoka kwa daktari wa upasuaji. Pili ni mazingira yenye vimelea ambavyo mwili wake haukuvizoea. Tatu ni uhaba wa mahitaji ya kawaida: maji safi, mboga mbichi, usingizi. Nne ni upweke uliochanganyika na hatari. Siku nyingi za kungoja bila tukio lolote, kisha saa moja ya kutisha. Kila moja huzidisha uzito wa jingine. Asiyelala vema husahau chandarua; mwenye homa hushindwa kukaa macho lindoni; aliyekata tamaa hajali kuchemsha maji.

Kabla ya safari

Maandalizi yaanze walau wiki sita kabla ya kuondoka. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa si chini ya siku 10 kabla ya safari, na dozi moja humkinga mtu maisha yake yote. Askari ahakikishwe pia chanjo za pepopunda na homa ya ini aina ya B. Meno yakaguliwe: jino lililooza, ambalo mjini ni adha ya siku moja, kambini laweza kuwa sababu ya kumrudisha mtu kwa helikopta.

Daktari wa kikosi aulize kwa utulivu kuhusu historia ya sonona, kifafa, matatizo ya akili na matumizi ya pombe. Majibu haya yana uzito katika uchaguzi wa dawa ya kinga ya malaria. Meflokwini, inayomezwa mara moja kwa wiki, haifai kabisa kwa aliyewahi kuugua maradhi hayo, kwa kuwa yenyewe huweza kuleta wasiwasi, jinamizi na hata kuchanganyikiwa. Doksisiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari. Imezwe kwa maji mengi, mtu akiwa wima, la sivyo huunguza koo la chakula. Pia huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Atovakwoni-proguanili nayo humezwa kila siku pamoja na chakula.

Jambo linalosahauliwa ni muda wa kumaliza. Doksisiklini na meflokwini ziendelee kwa wiki nne baada ya kuondoka eneo lenye malaria. Atovakwoni-proguanili kwa siku saba. Sababu yake ni kwamba vimelea walioingia kwa kuumwa na mbu usiku wa mwisho wa kambini hujificha kwanza katika ini, ndipo huingia kwenye damu siku kadhaa baadaye. Askari yule wa Njombe aliacha kinga wakati ambapo ilihitajika bado.

Wapo askari wanaosema: “Mimi nimekulia kwenye malaria, sihitaji vidonge.” Kinga ya mwili inayopatikana kwa kuugua mara kwa mara hupungua mtu akiishi miaka kadhaa mahali pasipo na mbu wengi, na aliyekulia nyanda za juu huenda hakuwahi kuwa nayo.

Kambini: mambo matano ya kila siku

Mbu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, muda ambao askari yuko lindoni na hawezi kuingia chandaruani. Kwa hiyo chandarua chenye viuatilifu ni kwa usingizi, nacho hakitoshi. Lindoni avae mikono mirefu, suruali iliyochomekwa ndani ya buti, sare iliyotibiwa kwa pemetrini, na ajipake dawa ya kufukuza mbu sehemu zilizo wazi.

Maji. Maji ya mto yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja nzima. Mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000 yatokote dakika tatu. Vidonge vya klorini hufanya kazi vizuri katika maji maangavu. Maji yenye tope yachujwe au yaachwe yatuame kwanza, kisha dawa iachwe dakika 30 kabla ya kunywa. Choo kichimbwe mbali na chanzo cha maji, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Mahali pa kunawia mikono pawe njiani kati ya choo na jiko, si mahali pa kutafuta. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) mapema. Kuhara damu au homa kali ni sababu ya kumwona tabibu siku hiyohiyo.

Miguu. Mguu unaokaa ndani ya buti lenye maji kwa siku mbili au tatu huwa mweupe, hufa ganzi, kisha huvimba na kuuma vikali unapopashwa joto. Hali hii ilijulikana sana katika mahandaki ya Ulaya wakati wa Vita vya Kwanza, na haihitaji theluji. Tope la msitu hutosha. Kinga yake ni nyepesi: miguu ikaushwe angalau mara moja kwa siku, soksi kavu zibadilishwe, na askari wakaguane wawiliwawili. Fangasi za vidole zitibiwe mapema, maana ngozi iliyopasuka ni mlango wa usaha.

Mito na nyoka. Kuoga katika maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole huleta kichocho, ambacho dalili zake huweza kuchelewa miezi mingi. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, avuliwe pete na saa, kiungo kilichoumwa kifungwe ubao kisitikisike, apelekwe penye dawa ya sumu. Akiweza kueleza sura ya nyoka, vema. Lakini mtu yeyote asimfukuze nyoka ili kumleta.

Jeraha. Kwa majeruhi wa vita, Umoja wa Mataifa hufuata kipimo cha muda kinachojulikana kama 10-1-2: huduma ya kwanza ya kuokoa maisha ndani ya dakika 10, huduma ya juu ya dharura ndani ya saa moja, na upasuaji ndani ya saa mbili. Katika kituo cha mbali, mvua na ukungu huweza kuizuia helikopta, na saa mbili zikawa sita. Kwa sababu hiyo zile dakika 10 za kwanza ziko mikononi mwa askari mwenzake. Kila mmoja, si tabibu peke yake, ajue kufunga mkanda wa kuzuia damu juu ya jeraha la mkono au mguu, kuukaza mpaka damu ikome, na kuandika saa aliyoufunga.

Usingizi, upweke na moyo

Mara nyingi makamanda huhesabu risasi, mafuta na chakula, usingizi hauhesabiwi. Hata hivyo, askari aliyelala saa nne kwa siku kwa wiki nzima hupungukiwa na umakini, hukasirika upesi na hukosea uamuzi, huku mwenyewe akidhani yuko sawa. Ratiba ya lindo ipangwe ili kila mtu apate kipande kimoja kirefu cha usingizi kila inapowezekana, badala ya vipande vifupi vilivyotawanyika.

Simu nayo ina pande mbili. Sauti ya mtoto humpa askari nguvu. Lakini simu hiyohiyo humletea habari ya ada isiyolipwa, mzazi anayeugua, au ugomvi wa shamba, mambo ambayo hawezi kuyatatua akiwa umbali wa mamia ya kilomita. Ni vema jamaa na askari wakubaliane kabla ya safari: nani atashughulikia fedha, nani apewe habari za ugonjwa kwanza, na siku zipi za kuzungumza. Mwenye dini apewe nafasi ya ibada. Michezo, bustani ndogo ya mboga na kazi za mikono si anasa, ni sehemu ya kinga.

Baada ya shambulio au kifo cha mwenzao, askari wahakikishiwe usalama, wapewe chakula, wapumzike, wawe pamoja na watu wanaowaamini, na waelezwe ukweli wa yaliyotokea. Anayetaka kuzungumza asikilizwe, asiyetaka asilazimishwe. Vikao vya kuwashurutisha watu wote wasimulie waliyoyaona mara tu baada ya tukio havijaonekana kuzuia kiwewe, na havipendekezwi.

Kurejea nyumbani

Ndege humfikisha askari nyumbani kwa saa chache. Afya yake huchelewa kufika, na hapa ndipo wahudumu wa afya wa kiraia wanapohusika moja kwa moja.

Homa. Homa yoyote kwa mtu aliyerejea kutoka eneo lenye malaria ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kipimo kifanywe siku hiyohiyo. Kikiwa hasi na homa ikiendelea, kirudiwe kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka vipimo vitimie vitatu. Malaria isiyo kali kwa mtu mzima hutibiwa kwa dawa mseto (ALu), vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili ikimezwa saa nane baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Akiwa amechanganyikiwa, anatapika kila kitu, ana degedege, mkojo mweusi, manjano au anapumua kwa shida, hiyo ni malaria kali: zahanati impe dozi ya kwanza ya sindano ya atesunati na kumpeleka hospitali bila kungoja. Baada ya matibabu ya atesunati, wingi wa damu upimwe tena katika wiki zinazofuata, kwa kuwa chembe nyekundu huweza kuvunjika kwa kuchelewa.

Vimelea vya aina ya ovale na vivax hukaa usingizini ndani ya ini na kuamka baada ya miezi. Mgonjwa wa aina hiyo huhitaji primakwini, lakini kwanza apimwe kimeng'enya cha G6PD, maana anayekikosa huweza kuvunjikiwa damu.

Kama kuna mlipuko wa Ebola alikotoka na hazijapita siku 21, mhudumu avae vifaa vya kujikinga, amtenge mgonjwa kwa heshima na atoe taarifa kwa ngazi husika. Vipimo vya malaria visisahauliwe hata hapo. Watu wamekufa kwa malaria huku kila mtu akiogopa ugonjwa mwingine.

Mkojo wenye damu, kuhara kusikokwisha au uchovu wa muda mrefu viletwe kupimwa kichocho na minyoo. Prazikwanteli hutibu kichocho kwa gharama ndogo.

Virusi vya Ukimwi na magonjwa ya zinaa. Mwaka 2000 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1308, lilitambua rasmi uhusiano wa VVU na walinda amani. Askari ashauriwe kupima anaporudi na tena baada ya miezi mitatu, kwa hiari na kwa siri. Aliye katika hatari ya kuambukizwa akumbuke kwamba dawa za kinga baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Mhudumu asitoe mahubiri. Anayeogopa kulaumiwa hatarudi, na atakayeumia si yeye peke yake.

Kiwewe na sonona. Turudi kwa mke wa koplo. Kuamka usiku kukagua mlango kambini ilikuwa busara. Nyumbani kumegeuka kuwa dalili. Wiki chache za kushtuka na kukosa usingizi ni za kawaida kwa wengi. Dalili zikizidi mwezi mmoja na kuharibu kazi au maisha ya nyumbani, fikiria kiwewe cha baada ya tukio la kutisha: kumbukumbu au ndoto zinazomrudisha kwenye tukio, kukwepa watu na mazungumzo yanayolikumbusha, kushtuka upesi na kuwa macho daima, na moyo kufa ganzi hata kwa watoto wake. Wengine huficha haya yote ndani ya pombe.

Tiba ipo. Msingi wake ni matibabu ya mazungumzo yanayolenga tukio lenyewe, yakiongozwa na mtaalamu. Dawa kama setralini au fluoksetini husaidia, lakini huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu. Mgonjwa aelezwe hivyo asije akaziacha mapema. Diazepamu ya kila usiku si tiba ya kiwewe, na huleta uraibu.

Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humpa nafuu. Akikubali, usimwache peke yake, shirikisha jamaa anayemwamini, hakikisha silaha, sumu na dawa haviko karibu naye, na umpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Askari wengi huogopa kwamba kuandikwa katika jalada kutawanyima cheo au safari nyingine. Hofu hii haina budi kujibiwa kwa kulinda siri ya mgonjwa na kumweleza mapema mipaka ya siri hiyo. Koplo wetu alinyamaza kwanza. Daktari hakumshindilia maswali, alisema tu, “Afande, wengi waliotoka huko huniambia hivyohivyo. Ukiwa tayari, nipo Jumanne na Alhamisi.” Alirudi Alhamisi ya pili, peke yake.

Maswali sita kwa kila mgonjwa wa aina hii

1. Umetoka wapi, na umerudi lini?
2. Ulimeza dawa gani ya kinga, na uliacha lini?
3. Je, uliingia mtoni au ziwani, au uliumwa na mdudu au mnyama?
4. Je, kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa ulikokuwa?
5. Unalalaje? Unakunywa pombe kiasi gani?
6. Kuna jambo la huko linalokurudia ambalo ungependa tulizungumze, leo au siku nyingine?

Jipime

Swali la kwanza: Askari amerejea siku 10 zilizopita, anatumia doksisiklini na anajisikia mzima. Je, aache? Jibu: Hapana, aendelee mpaka wiki nne zitimie.

Swali la pili: Kipimo cha haraka cha malaria ni hasi, homa imedumu siku ya pili. Ufanye nini? Jibu: Rudia kipimo ndani ya saa 12 hadi 24, na utafute visababishi vingine.

Swali la tatu: Mke anasema mumewe amebadilika tangu arudi, mume anakana. Ni nani wa kusikilizwa? Jibu: Wote wawili. Mke huona ya usiku, na mume ndiye ajuaye ya moyoni. Mpe kila mmoja nafasi yake ya faragha.

Hitimisho

Ndugu askari, ukifika zahanati ukiwa na homa, usingoje kuulizwa, sema ulikotoka. Ndugu mhudumu, usingoje kuambiwa, uliza. Nanyi jamaa, mnachokiona usiku kileteni kliniki bila aibu. Aliyekwenda kulinda amani ya wengine anastahili kurejeshewa amani yake, na kazi hiyo huanzia kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kwa swali la kwanza katika orodha yetu.